Hesabu Tai na Kozi Wanaopita Juu ya Ua Wako

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba, msafara mkubwa hupita juu ya Nairobi, Nakuru, Kampala na Arusha huku wakazi wengi wakiwa hawana habari. Ni msafara wa ndege mbuai: tai, shakivale, mwewe na kozi waliotoka Urusi, Asia ya Kati, Mongolia na China kukwepa majira ya baridi ambapo chakula chao hutoweka. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Mei hurudi kaskazini kuzaliana. Ili kuwaona huhitaji kulipa kiingilio cha hifadhi wala kukodi gari. Kiti kimoja uwani, au nafasi kidogo kwenye paa la ghorofa, kinatosha kabisa.

Lakini makala haya hayakuhimizi kutazama tu. Yanakuhimiza kuhesabu. Anayetazama hufurahi siku hiyo na kusahau. Anayehesabu kutoka mahali pamoja, kwa saa zilezile, mwaka hadi mwaka, hujenga kumbukumbu ambayo hakuna mtu mwingine aliye nayo. Kazi hii haitaki shahada. Inataka uvumilivu, uaminifu na daftari, na yeyote mwenye hivyo vitatu anaweza kuanza msimu ujao.

Kwa nini wanapita juu ya mji

Tai mwenye uzito wa kilo tatu hawezi kupiga mabawa safari nzima ya maelfu ya kilomita. Nguvu zingemwishia njiani. Anachofanya ni kutumia joto la jua. Jua likipiga ardhi, hewa iliyo karibu na ardhi hupata moto, huwa nyepesi na kupanda juu. Ndege huingia ndani ya hewa hiyo, hutandaza mabawa na mkia, huzunguka taratibu na kuinuliwa mamia ya mita bila kutumia nguvu. Akifika juu, hukunja mabawa kidogo na kuteleza kuelekea anakokwenda, akishuka polepole, hadi apate hewa nyingine inayopanda. Hivyo ndivyo anavyosafiri siku nzima.

Mabati, lami na saruji hupata moto haraka kuliko msitu au shamba lenye majani mabichi. Kwa hiyo mji wenyewe huzalisha hewa hiyo kwa wingi, na ua ulio katikati ya nyumba si mahali pabaya pa kutazamia hata kidogo.

Joto hilo pia ndilo linaloamua njia. Juu ya bahari hewa haipandi kwa nguvu kama juu ya nchi kavu, hivyo ndege wakubwa hukwepa maji na kutafuta mahali pembamba pa kuvukia. Wengi wanaokuja kwetu huvuka mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, kutoka Yemen kuingia Djibouti. Mwaka 1987 watazamaji walioweka kambi upande wa Djibouti walihesabu ndege mbuai wapatao 246,000 katika msimu mmoja. Kutoka hapo hufuata nyanda za juu za Ethiopia, kisha Bonde la Ufa na milima iliyo kandokando yake, hadi kutufikia.

Kozi wa Amur, ambaye wataalamu humwita Falco amurensis, ana njia yake. Ni mdogo, mabawa yake ni membamba na anaweza kuyapiga kwa muda mrefu. Huzaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, hupumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, umbali unaozidi kilomita 3,000. Husaidiwa na upepo wa kaskazi, uleule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba hadi pwani yetu. Hutufikia Novemba na Desemba, wakati mvua za vuli zimewatoa kumbikumbi ardhini, kisha huendelea hadi kusini mwa Afrika.

Chagua siku na saa

Usiamke alfajiri kwa ajili ya kazi hii. Ndege wadogo wa bustani huonekana vizuri alfajiri, lakini tai na shakivale hungoja ardhi ipate moto. Kwa kawaida hewa huanza kupanda kuanzia saa tatu asubuhi. Saa nzuri zaidi ni kati ya saa tatu na nusu na saa sita, kwa sababu ndege bado hawajapanda mno. Adhuhuri joto likizidi huenda juu sana, wakabaki vidoa ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja huanza kushuka kutafuta mahali pa kulala, na hapo unaweza kuwaona tena kwa ukaribu.

Siku bora ni ile inayofuata mvua. Mvua ikinyesha siku mbili au tatu mfululizo, wasafiri hukwama mitini. Jua likitoka, wote huondoka kwa pamoja. Ukiona asubuhi ya Novemba imeanza na mawingu, kisha saa nne mawingu yakaanza kupasuka, acha shughuli zinazoweza kungoja na utoke nje. Kwa kozi wa Amur, tazama pia alasiri ngurumo zinapokaribia au baada ya kumbikumbi kuruka, kwa kuwa kozi hawa hufuata mvua na chakula chake.

Usijipangie saa ambazo hutaweza kuzitimiza. Saa mbili kila Jumamosi, msimu mzima, zina faida kuliko siku moja nzima ya shauku ikifuatwa na mwezi mzima wa kusahau. Andika saa hizo kwenye kalenda ya nyumba na uziheshimu kama unavyoheshimu miadi na mtu.

Andaa mahali pako

Kaa uwani ugundue ni upande gani unaoonyesha anga kubwa zaidi. Huhitaji kuona upeo wote. Kipande kimoja cha anga kinachoonekana vizuri kinatosha, mradi kiwe kilekile kila mara. Oktoba na Novemba geukia kaskazini, wanakotokea wageni. Bahati njema kwa mkazi wa Nairobi, Nakuru au Arusha ni kwamba miezi hiyo jua la mchana huwa limeinama upande wa kusini, kwa hiyo utakuwa umelipa mgongo. Msimu wa kurudi geukia kusini. Kufikia Aprili jua nalo limehamia kaskazini, na tena litakuwa nyuma yako.

Tafuta kiti cha kuegemea. Anayesimama ameinua uso kwa saa mbili huumwa na shingo na hurudi nyumbani mapema. Kaa kivulini, vaa kofia yenye ukingo, weka maji karibu. Darubini ya 8x42 inafaa zaidi kwa kazi hii: inaonyesha eneo pana na haitikisiki sana mkononi. Kama huna darubini, anza hivyohivyo kwa kuhesabu wale wanaopita chini, na uandike wazi kwamba ulitumia macho tu.

Kuna jambo moja la kushika kuliko yote: usielekeze darubini kwenye jua hata kwa sekunde moja. Inaweza kukupofusha. Kama jua liko upande unaoutazama, sogeza kiti mpaka lifichwe na ukingo wa paa au shina la mti. Mtoto akishika darubini, mwambie hilo kabla hujamwambia jambo lingine lolote.

Wanaoishi kwenye ghorofa waombe ruhusa ya kupanda juu kutoka kwa msimamizi wa jengo, na wakishafika huko wakae. Usitembee ukiwa umeinua macho juu ya paa lisilo na ukuta. Waeleze majirani unachofanya kabla hawajakuuliza, maana mtu mwenye darubini huwatia watu wasiwasi, nao wana haki ya kujua kwamba haielekezwi madirishani mwao. Ukiishi karibu na kambi ya jeshi au uwanja wa ndege, tafuta ua wa rafiki ulio mbali na hapo.

Mwisho, chagua alama zako: tangi la maji la jirani, mnara wa simu, mkaratusi mrefu. Kwa alama hizo utaweza kumwonyesha mwenzako ndege alipo, na, kama nitakavyoeleza, utapata mstari wa kuhesabia.

Wajue wenyeji kwanza

Kabla ya msimu kuanza, tumia wiki chache za Septemba kuwajua ndege wakubwa wanaoishi mtaani kwako. Hili ndilo somo linalorukwa na wengi, na bila hilo hesabu haina maana.

Mwewe mwenyeji ana mkia uliopasuka kidogo mwishoni, naye huupindapinda kila wakati anapogeuka. Hushuka jalalani, hunyakua chakula, hubeba vijiti vya kiota. Korongo wa marabu ni mkubwa mno, na miguu yake huonekana nyuma ya mkia. Yeyote ambaye miguu yake imechomoza hivyo si tai. Katika nyanda za juu kuna shakivale mwenyeji, Buteo augur, mwenye mkia mfupi mwekundu na, mara nyingi, tumbo jeupe. Chunga sana mtoto wa shakivale huyu: bado hana mkia mwekundu, ni wa kahawia, na ndiye huwachanganya watazamaji wengi wakadhani ni mgeni.

Zaidi ya rangi, tazama mwenendo. Mwenyeji huzunguka, hushuka, hurudi, hugombana na kunguru, hutua juu ya nguzo ya umeme. Msafiri hana shughuli na mtaa wako. Huinuka, huteleza, hupotea upande uleule waliopotelea waliomtangulia. Ukiona ndege watano wamefuata njia moja ndani ya nusu saa na hakuna aliyerudi, hao ni wageni.

Wenyeji pia ni wasaidizi wako. Mwewe au marabu akianza kupanda akizunguka bila kupiga bawa, amekuonyesha mahali hewa inapopanda. Elekeza darubini juu yake, kisha juu zaidi. Mara nyingi wageni huwa humohumo, ghorofa moja au mbili juu yake.

Wageni utakaowaona mara kwa mara

Shakivale wa stepi, Buteo buteo vulpinus, ni wa ukubwa wa wastani: kichwa cha mviringo, shingo fupi, mabawa mapana, mkia unaotandazwa kama upepeo anapozunguka. Rangi yake hubadilika sana, kutoka kahawia nyekundu hadi kahawia iliyokolea, kwa hiyo usiitegemee. Tegemea upande wa chini wa bawa: manyoya ya kurukia ni meupe-meupe na yamezungushiwa ukingo mweusi nyuma.

Tai wa stepi, Aquila nipalensis, ni mkubwa na wa kahawia nzito. Mabawa yake ni marefu na ncha zake hufunguka kama vidole. Tai mchanga ni rahisi kumtambua kuliko mzee, kwa sababu ana mkanda mweupe mpana unaopita katikati ya bawa upande wa chini. Mkanda huo ni wa thamani kubwa kwa mhesabuji, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kozi wa Amur huja kwa makundi, wakati mwingine mamia. Dume ana rangi ya kijivu cha moshi, na chini ya bawa ana weupe unaong'aa. Mapaja yake ni mekundu-kahawia na miguu yake ni ya rangi ya machungwa. Jike ana tumbo la rangi hafifu lenye madoa. Wote wana mabawa yaliyochongoka, na huonekana wakidaka wadudu hewani na kuwala palepale wakiruka.

Mwewe nao wana wageni kutoka kaskazini, lakini kuwatenganisha na wenyeji kutoka mbali ni kazi ngumu. Anayeanza na awahesabu pale tu anapoona kundi likipita moja kwa moja kwa mwelekeo wa safari.

Korongo weupe nao husafiri kwa njia hiyohiyo. Waandike pembeni. Hawamo katika hesabu ya mbuai, lakini kuwepo kwao ni ishara kwamba anga iko tayari.

Namna ya kuhesabu

Chora mstari wa kufikirika kati ya alama zako mbili, tuseme kutoka tangi la maji hadi mnara. Hesabu ndege anapouvuka mstari huo kuelekea safarini. Akirudi, mpunguze. Kwa njia hii hutamhesabu ndege mmoja mara mbili, na kila anayekuja kukusaidia atahesabu kama wewe.

Pitisha darubini angani polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha panda juu kidogo na urudi, kila mpito ukigusa sehemu ya uliotangulia. Katikati ya mipito tumia macho tupu kutazama walio karibu. Anga yenye mawingu meupe ni rafiki, kwa kuwa ndege hujitokeza waziwazi juu yake. Anga ya samawati tupu ni ngumu. Hapo pumzisha macho mara kwa mara, uyatazamishe mbali, kisha uendelee.

Ukikuta kundi linazunguka, usihesabu bado. Walio ndani ya mzunguko hupishana na kufichana, na kila ukihesabu utapata jibu jingine. Ngoja. Wakifika juu hutoka mmoja mmoja, wamepangana kama shanga kwenye uzi, wakiteleza upande mmoja. Huo ndio wakati wa kuhesabu, na una dakika chache tu, kwa hiyo kidole kiwe tayari kwenye kihesabio cha mkononi au kalamu iwe tayari kwenye karatasi.

Kwa kundi kubwa la kozi wasiopangana, hesabu kumi wa kwanza kwa makini, shika machoni ukubwa wa hao kumi, kisha upime kundi lote kwa kipimo hicho. Wakizidi mia mbili, pima kwa hamsini. Ujuzi huu hufundishwa jikoni. Mwaga kiganja cha maharagwe kwenye sinia, kadiria kwa sekunde tatu, andika, kisha hesabu kweli. Rudia kila jioni kwa wiki moja na utajua kama una tabia ya kuzidisha au kupunguza. Watu wengi hupunguza kundi likiwa kubwa. Ukishaijua tabia yako, utaisahihisha.

Mkiwa wawili, mmoja atazame na mwingine aandike, kisha mbadilishane kila nusu saa. Watoto wa shule ya msingi wana macho makali na hupenda kazi yenye matokeo. Waachie kihesabio na wataona fahari.

Daftari ndilo kazi yenyewe

Kila kikao kiwe na ukurasa wake. Ukurasa mzuri unaweza kusomeka hivi:

Jumamosi, saa 3:30 hadi 5:30 asubuhi. Watazamaji wawili, darubini moja. Mawingu nusu anga, upepo hafifu kutoka mashariki, hakuna mvua, ilinyesha usiku. Saa ya kwanza: sifuri. Saa ya pili: shakivale wa stepi 23, tai wa stepi 3, kati yao wachanga 2, mbuai wasiotambuliwa 4. Wote kuelekea kusini-magharibi. Mwewe wenyeji wapo, hawakuhesabiwa.

Tazama mambo matatu katika ukurasa huo. La kwanza ni saa za kuanza na kumaliza. Ndege 30 kwa saa mbili na ndege 30 kwa siku nzima ni habari mbili tofauti kabisa. Bila muda, namba haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

La pili ni sifuri. Saa isiyo na ndege ni matokeo kamili. Ukiandika siku za neema pekee, daftari lako litasema kwamba ndege hupita kila siku, na halitaweza kamwe kuonyesha kwamba wamepungua. Keti saa zako, usione kitu, andika sifuri kwa mkono thabiti, uende zako. Umefanya kazi.

La tatu ni "wasiotambuliwa". Heri kuandika hivyo mara mia kuliko kumpa ndege jina la kubahatisha. Hata mtaalamu mwenye miaka mingi huwa na safu hiyo, na mtafiti akiikuta kwenye daftari lako ndipo atakapoziamini safu nyingine.

Namba zako ziende wapi

Daftari lisibaki sandukuni. Programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani ni ya bure, na orodha unaweza kuiandika kwenye simu hata pasipo mtandao. Chagua hesabu ya kukaa mahali pamoja, weka muda, na idadi halisi badala ya alama ya kuwepo tu. Nchini Kenya kuna pia Kenya Bird Map, mradi unaoigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Kila mraba hutaka orodha za watazamaji wa kawaida, na miraba ya mijini inahitajika sawa na ya mbugani.

Ukitaka kujifunza pamoja na wengine, Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi kila Jumatano asubuhi. Kwa walioko Uganda, NatureUganda wanafanya kazi kama hiyo. Nenda ukiwa na maswali na picha zako zenye ukungu. Watu wa fani hii hufundisha kwa moyo mkunjufu.

Thamani ya namba zilizoandikwa mapema

Mwaka 1934 mwanamke mmoja wa New York, Rosalie Edge, ambaye mapenzi yake kwa ndege yalikulia katika bustani ya Central Park katikati ya mji ule, alikodi mlima huko Pennsylvania ambako wawindaji walikuwa wakiwapiga risasi mbuai wapitao kila vuli kwa mchezo tu. Mlima huo huitwa Hawk Mountain. Edge alimweka huko Maurice Broun pamoja na mkewe Irma kuulinda, na Broun, mbali na kuwazuia wenye bunduki, akaanza kuhesabu. Kila siku ya msimu aliandika wangapi wamepita, wa aina gani, wachanga au wazee.

Wakati huo hakuna aliyejua hesabu hiyo ingekuja kutumika wapi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye Rachel Carson, alipokuwa akiandika kitabu chake kuhusu sumu za wadudu kilichotoka mwaka 1962, alizichukua namba za Broun. Zilionyesha kwamba katika miaka ya 1935 hadi 1939, tai wachanga walikuwa asilimia 40 ya tai waliohesabiwa. Kufikia 1955 hadi 1959 walikuwa asilimia 20. Tai wazee bado walikuwa wakipita, lakini hawakuwa tena na watoto wa kutosha. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kuisukuma Marekani kupiga marufuku DDT, mojawapo ya sumu hizo, mwaka 1972. Sasa unaona kwa nini nimesisitiza uandike tai wa stepi wachanga kando, wale wenye mkanda mweupe. Tai huyu amewekwa na shirika la IUCN katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2015, na uwiano wa wachanga kwa wazee ni habari ambayo mtu yeyote mwenye kiti na darubini anaweza kuitoa.

Kwa upande wetu hali ni ya kutia wasiwasi. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulichunguza aina 42 za ndege mbuai wa savana za Afrika na kukuta kwamba asilimia 88 kati ya aina hizo zimepungua katika kipindi cha miaka 20 hadi 40. Watafiti waliweza kusema hivyo kwa sababu kuna watu waliopita barabarani miongo iliyopita wakahesabu ndege na kuhifadhi namba zao. Nyaya za umeme, sumu inayowekwa kwenye mizoga na kupotea kwa makazi vinaendelea kuwaua wenyeji na wageni.

Lakini watu wakijua, hubadilika. Mwaka 2012 iligundulika kwamba katika jimbo la Nagaland, India, kozi wa Amur walikuwa wakinaswa kwa nyavu wakati wa mapumziko yao, zaidi ya laki moja kwa makadirio, katika msimu mmoja. Wanakijiji walizungumza na wahifadhi, na msimu uliofuata mauaji yalikoma. Mwaka huohuo wa 2013 kozi watatu walivishwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina ya Naga, Wokha na Pangti, na safari yao hadi Afrika ikafuatwa siku kwa siku. Kozi utakaowaona Novemba wakidaka kumbikumbi juu ya mtaa wako wako hai kwa sababu watu wa kijiji cha mbali waliamua kuacha.

Nasi tuna la kufanya hapahapa. Jirani mwenye vifaranga akikuambia kwamba unahesabu wezi wa kuku, mweleze kwa upole kwamba shakivale wa stepi hula panya, panzi na kumbikumbi, na kwamba msafiri aliye mita mia tano angani hana haja na banda lake. Watoto wenye manati waite, uwape darubini. Wengi hawatayarudia manati baada ya kuona tai mzima akijaza kioo.

Basi, ndugu msomaji, usingoje mafunzo wala vifaa bora zaidi. Septemba wajue wenyeji wa mtaa wako. Jumamosi ya pili ya Oktoba toa kiti nje saa tatu na nusu, chora mstari wako kati ya tangi na mnara, andika tarehe na saa juu ya ukurasa, na uhesabu. Ukipata sifuri, iandike. Jumamosi inayofuata, rudi.